Wifi Yangu, Kaimu wa Miaka Minne

Mimi kazi yangu ni jezi. Mambo ya mbinu, nani acheze kushoto na nani kulia, msiniulize. Niulizeni jasho la beki linatolewaje kwenye kola, nitawaambia. Niulizeni doa la majani kwenye bukta nyeupe, nitawaambia, na nitawapa pole. Miaka kumi na mmoja nafua, napiga pasi na kukunja nguo za timu ya taifa ya wanawake, na hadi leo nikisimama langoni uwanjani hakosekani askari wa kuniuliza, "Mama, unauza nini?" Siuzi kitu, baba. Kitambulisho hiki hapa, soma.

Lakini leo simo mimi. Leo nataka nimweleze wifi yangu, mke wa kaka yangu, kwa sababu wengi wamemweleza na wamekosea. Kuna gazeti moja liliandika kwamba "alizuka" akaiongoza timu. Kuzuka! Mtu amekula vumbi la viwanjani miaka ishirini kasoro, wewe umekaa kwenye kiti chako unaandika amezuka, kana kwamba ni uyoga.

Kaka alipomwoa, alikuwa mwalimu wa hesabu shule ya msingi. Kaka ni seremala, na wakati huo tuliishi wote nyumba moja, karakana yake ikiwa uani, maranda ya mbao yakituingia mpaka kwenye vikombe vya chai. Siku ya tatu baada ya harusi, mama aliamka alfajiri akamkuta bibi harusi amevaa bukta ya kaka, anazunguka ua mbio mbio, na mdomoni anahesabu mizunguko. Mama alisimama mlangoni na kanga yake, akamwita kaka.

"Mwanangu, hebu niambie ukweli. Umeoa au umeajiri mlinzi?"

Nilicheka mpaka nikakaa chini. Wifi hakusimama. Alipita mbele yetu akasema, "Shikamoo mama, imebaki saba," akaendelea. Alikuwa amecheza mpira na kaka zake tangu utotoni, na kuacha hakujua aachie wapi. Mama alinuna wiki nzima. Baadaye alizoea, akawa yeye ndiye anayemhesabia, na akimwona anapunguza mwendo anamfokea.

Shuleni walimpa timu ya wasichana kwa sababu hakuna aliyeitaka. Mwalimu mkuu alisema, "Mpeni yule mgeni, bado hajajifunza kukataa." Mechi ya kwanza watoto walifungwa tisa. Tisa bila, jamani, na ya tisa wamejifunga wenyewe. Walirudi darasani wanalia makamasi. Wifi hakufoka wala hakubembeleza. Alichukua chaki, akachora uwanja ubaoni, akamwita mtoto mmoja mmoja aje aonyeshe bao lipi lilitokea wapi. Walipomaliza, alama sita zilikuwa upande mmoja, kushoto, mahali pale pale.

"Mnaona?" akawaambia. "Hamkukosea mara tisa. Mmekosea mara moja, kule kushoto, mkarudia. Kosa moja tunaliweza."

Mechi iliyofuata walifungwa mbili. Mwaka uliofuata walibeba kombe la wilaya, na mwalimu mkuu akajitokeza kwenye picha, katikati, amelishika kombe kwa mikono miwili.

Ubao ule hakuuacha tena. Ndiyo tabia yake, na walioicheka wamechoka. Asubuhi ya kila mechi, iwe ya kirafiki au ya kombe, ubao unawekwa, na kila mchezaji lazima asimame, ashike chaki, aeleze leo tunataka nini na kwa nini. Asiyeweza kueleza hapandi basi. Nilipojiunga, nilidhani hilo ni la wachezaji. Thubutu! "Wifi, zamu yako." Nikamwambia mimi ni wa jezi. Akasema, "Jezi zinaenda wapi, na zinaenda kutafuta nini?" Nikashika chaki, mtu mzima, wasichana wananipigia makofi. "Shangazi! Shangazi!" Ndivyo wanavyoniita.

Timu ya taifa ilimchukua kama msaidizi. Alisaidia makocha watano, wanaume watupu, katika miaka tisa. Kila mmoja alikuja na filimbi yake na mkoba wake, na kila mmoja alimkuta wifi anapanga koni. Timu ikishinda, wanasema kocha ameshinda. Ikifungwa, wanasema benchi zima la ufundi lijitathmini. Wa tano alipata kazi nono kwingine, akaondoka wiki mbili kabla ya mashindano bila hata kuaga, na shirikisho la mpira likahaha. Ndipo mwenyekiti akampigia wifi simu. Awe kaimu kocha mkuu, wiki mbili tu.

Na wiki hiyo hiyo mtu wa vifaa naye akaondoka, na kabla ya kuondoka alikuwa amewapakia wasichana bukta za kiume. Wifi akaja kwangu. Mimi nilikuwa na cherehani yangu barazani, nashona sare za shule. "Wifi, njoo unishikie, wiki mbili tu." Wapo waliosema anaajiri ndugu. Waseme. Tangu niingie haijapotea hata soksi.

Sasa sikieni. Wiki mbili zile zilikuwa miaka minne. Kila baada ya miezi sita inakuja barua, ile ile, wamebadilisha tarehe: ataendelea kuwa kaimu kocha mkuu hadi atakapopatikana kocha. Timu inashinda, yeye kaimu. Tumechukua kombe la kanda, yeye kaimu, na kwenye sherehe kadi ya mezani imeandikwa kaimu. Siku moja kaka aliisoma barua karakanani, penseli sikioni, akaisoma tena.

"Hadi atakapopatikana nani?" akauliza. "Kwani wewe umepotea?"

Tulicheka, lakini wifi hakucheka. Aliikunja barua ndogo sana. "Sitaki waniongeze kitu," alisema. "Nataka kazi ninayoifanya iitwe yangu. Hilo tu." Kaka akaacha randa, akamshika bega. Mimi nikajifanya natafuta kikombe.

Ndipo ikaja safari ya kufuzu mashindano makubwa, na mwenyekiti akamwita ofisini. Nilikuwepo, nimeshika fomu ya kuomba sabuni. Mwenyekiti si mtu mbaya, niseme ukweli. Anapenda suti, anapenda kuhutubia, na akiambiwa jambo na katibu wake anaamini papo hapo. Alimwambia wifi waziwazi: ukifuzu, neno kaimu linafutwa. Usipofuzu, kuna kocha wameshamwona, mwanaume mwenye vyeti vyake, na asante kwa mchango wako. Na wifi shuleni alikwisha kuacha. Kiti chake darasani kina mtu. Tulipotoka koridoni nilimtazama usoni, nikaona hapo hakuna mzaha.

Kundi letu lilikuwa na timu nne, inafuzu moja. Mwisho tukabaki sisi na wale ninaowaita Weupe. Ninyi mnataja nchi, mimi nataja jezi. Jezi nyeupe mwanzo mwisho, hadi soksi. Nikiwaona namwonea huruma mfuaji wao. Mechi ya kwanza, kwao, walitufunga mbili bila. Mechi ya mwisho ilikuwa kwetu. Wao walituzidi pointi tatu. Tukishinda, tunalingana nao.

Asubuhi ile ubaoni alisimama nahodha wetu, beki mmoja mrefu, mkimya, tunayemwita Kufuli. Akaeleza, na mimi niliyeshindwa hesabu tangu darasa la tano nikaelewa. Tukishinda tutalingana pointi. Wakilingana wawili, kanuni inasema kwanza zitazamwe mechi zao wenyewe kwa wenyewe. Kwao walitupiga mbili. Kwa hiyo hapa bao moja halitoshi, maana wao watakuwa na mbili na sisi moja. Lazima tuwatangulie kwa mawili. Tukilingana nao hapo, ndipo yatahesabiwa mabao ya kundi zima, na hayo sisi tumewaacha mbali, maana kuna timu maskini ya Mungu tuliipiga saba.

"Kwa hiyo leo tunataka nini?" akauliza wifi.

"Mbili," wakajibu wote.

Uwanja ulijaa mpaka watu wakakaa kwenye ngazi. Dakika ya thelathini na moja winga wetu aliachia shuti kutoka mbali, kipa wao akaruka akagusa hewa. Bao! Meneja wa timu, kijana wa ofisini aliyetumwa na shirikisho kushika makaratasi yetu, alinikumbatia mpaka miwani yangu ikaanguka.

Wakati wa mapumziko wifi alibaki nyuma kidogo na daktari, wanakifunga kifundo cha mguu cha yule winga. Mimi nilitangulia na ndoo ya maji. Nikaingia chumbani nikamkuta nani? Mwenyekiti, na suti yake, amesimama katikati ya wasichana, mikono juu.

"Binti zangu! Kazi imekwisha! Bao moja limetosha! Pointi tumelingana, mabao tunawazidi. Sasa lindeni, lindeni, lindeni! Msijihangaishe!"

Wasichana wengine wakaanza kushangilia, wengine wakatazamana. Kufuli alikuwa amekaa na chupa ya maji mkononi, hanywi. Hapo wifi akaingia.

"Mheshimiwa Mwenyekiti," akasema taratibu, "moja haitoshi. Tunahitaji mbili."

"Mwalimu, katibu ameshapiga hesabu ofisini."

"Katibu amepiga hesabu kwa kanuni za mwaka juzi. Zimebadilika. Kitabu kipya kililetwa, kiko mezani kwake, ameweka juu yake chupa ya chai. Nimekiona kwa macho yangu, kina alama ya duara."

Mimi nilitaka kucheka nikajiuma ulimi. Mwenyekiti alikunja uso. Mbele ya watoto, na mwanamke, na chupa ya chai! "Usiwachanganye wachezaji," akasema. "Baada ya mechi tutakutana mimi na wewe, na unajua tutakutana kwa lipi." Akatoka, meneja nyuma yake.

Kengele ikalia. Wifi hakupata nafasi ya kusema mengi. "Mnajua mlichosema asubuhi," akawaambia, na wakatoka. Lakini mashaka yameshaingia. Kufuli aliniambia baadaye kwamba kichwani alikuwa anajiuliza: yule ni mwenyekiti, watu wakubwa wanampigia simu, pengine anajua jambo ambalo Mwalimu hajaambiwa. Na timu yenye mashaka haikimbii. Nusu yao wanapanda mbele, nusu wanarudi nyuma, mpira unabaki katikati kama mwana yatima.

Dakika zikayoyoma. Sitini. Sabini. Wifi amesimama kwenye mstari anawaita, "Pandeni! Pandeni!" na hatua tatu kando yake meneja anawapungia mkono chini, "Tulieni! Shikeni mpira!" Wasichana wanatazama benchi wanaona vichwa viwili. Dakika ya sabini na nane wifi akaandika karatasi ya kubadilisha mchezaji. Atoke kiungo, aingie Sindano, mshambuliaji mwembamba ukimtazama ubavuni humwoni, lakini akipata upenyo anapita. Karatasi ile huwa inapelekwa na meneja kwa mwamuzi wa akiba, pale kwenye meza ndogo. Meneja akaitazama, akakunja mikono kifuani.

"Mshambuliaji wa nini, Mwalimu? Weka beki. Mimi hii siipeleki. Mwenyekiti ananiangalia kutoka juu."

"Ipeleke."

"Mwalimu, jionee huruma. Tukifungwa bao la kizembe hapa, kazi huna."

Na hapa niseme kitu ambacho sikipendi. Mimi, wifi yake, niliyesimama naye miaka minne, nilimshika koti. Nilimshika kwa nguvu, nikamwambia, "Wifi, tafadhali, wasikilize. Tunaongoza. Usiitupe kazi yako kwa mkono wako mwenyewe." Asubuhi nilielewa ubaoni, haki ya Mungu nilielewa. Lakini watu maelfu kwa maelfu wanaimba tumefuzu, mwenyekiti anacheza kule juu, kila mtu ana uhakika, na mwenye wasiwasi ni mwanamke mmoja tu. Unafikiri utamwamini nani? Niliwaamini wengi.

Aligeuka akanitazama. Hakunifokea. "Wifi, kwao walitufunga ngapi?"

"Mbili."

"Sisi tumewafunga ngapi?"

"Moja."

 Kwa aibu nikatazama uwanjani nisimtazame yeye. Ndipo nikamwona kipa wa Weupe.

Alikuwa amepiga goti anafunga kamba ya kiatu. Nikakumbuka kwamba dakika tano nyuma alikuwa anafunga kamba hiyo hiyo. Na kabla ya hapo, tena. Sikilizeni, mimi mpira siujui, lakini kamba za viatu nazijua. Nimefunga na kufungua maelfu. Ile haikuwa imelegea hata kidogo. Alikuwa anaifungua mwenyewe, halafu anaifunga polepole, kitanzi kwa kitanzi, huku anamtazama mwamuzi kwa jicho la pembeni. Nikamtazama beki wao: amelala chini ameshika mguu, na hakuna aliyemgusa. Na kocha wao amekaa, mguu juu ya mguu, anakunywa maji.

Ala! Mtu anayefungwa anapoteza muda wa nini?

Damu ilinipanda mpaka masikioni. Wao walikuwa wanajua! Uwanja mzima watu tunashangilia kutolewa kwetu wenyewe, na wenye jezi nyeupe wanatusaidia kupoteza muda, na sisi tunawasaidia wao, sote kitu kimoja!

Nilimpokonya wifi ile karatasi. Sikumwomba. Nikatembea, hapana, nikakimbia na kandambili zangu hadi kwenye ile meza ndogo, meneja ananiita nyuma, "Mama! Mama, hiyo si kazi yako!" Mwamuzi wa akiba akanitazama kuanzia miguuni.

"Wewe ni nani?"

"Ni mtunza vifaa. Jina langu liko kwenye orodha yako, mstari wa mwisho. Karatasi imesainiwa na kocha mkuu. Pokea!"

Akatazama orodha. Akatazama saini. Akapokea. Na ndiyo mara ya kwanza, nadhani, kumwita kocha mkuu bila lile neno la mbele, na hakuna aliyenisahihisha.

Sindano akaingia, na alipompita Kufuli alimwambia maneno mawili tu: "Shangazi mwenyewe." Maana yake, kama hata mfua jezi amekimbia, basi jambo ni kweli. Kufuli akageuka benchi. Meneja anampungia, tulia. Wifi amenyanyua mkono, anamwonyesha goli la mbele. Yule mtoto mkimya, ambaye miaka mitatu sijamsikia akipaza sauti, akapiga kelele nikaisikia hadi benchi: "Kwao walitupiga mbili! Mbili! Twendeni!"

Mashaka yakaisha hapo hapo. Wote wakapanda, na Kufuli mwenyewe akauacha mlango wake wazi akaenda mbele. Weupe wakashtuka, kocha wao mguu ukashuka. Dakika ya themanini na saba tukapata kona. Mpira ukaja juu, Kufuli akaruka akauzidi msitu wa vichwa, akaupiga chini, ukagonga mwamba wa pembeni, ukarudi, na Sindano, sijui alikuwa anatafuta nini pale, ukamgonga pajani ukaingia. Pajani! Mwenyewe hakujua. Alikuwa bado anautafuta mpira miguuni pake wenzake walipomwangukia.

Sasa mngemwona yule kipa. Kamba zote zimekaza ghafla! Aliuokota mpira nyavuni akatimua mbio nao hadi katikati ya uwanja, analia, anawafokea wenzake wawahi. Kaka yangu alikuwa ameketi safu ya nyuma ya mwenyekiti, akamsikia anauliza, "Mbona hawa wanalia sasa? Si walikuwa wanafungwa tangu mwanzo?"  Kaka anasema katibu alikuwa amefungua simu yake anasoma, na jasho linamtoka.

Dakika zilizobaki sikuziona. Nilifunika uso kwa taulo, nikawa nasikiliza. Filimbi ya mwisho ilipolia, kitu cha kwanza nilichokiona ni meneja amepiga magoti mbele ya wifi, na wifi anamwinua, anamwambia, "Inuka, mwanangu, suruali yako itachafuka, na mimi siwezi kumwongezea wifi nguo za kufua."

Mwenyekiti alikuja chumbani. Safari hii alisimama mlangoni. Wasichana walikuwa wanaimba, wakanyamaza. Nampa haki yake, alisema mbele ya wote, bila kuzungukazunguka: "Mwalimu, hesabu yako ilikuwa sahihi na yetu haikuwa. Kuanzia leo wewe ni kocha mkuu. Barua utaipata kesho asubuhi, nitaiandika mwenyewe."

"Asante, mheshimiwa," akasema wifi. "Na mara nyingine ukija hapa wakati wa mapumziko, piga hodi."

 Mwenyekiti akacheka, sisi tukacheka, na Sindano akaanza kucheza na paja lake lenye alama nyekundu, anamwonyesha kila mtu kana kwamba ni medali.

Tangu hapo ni miaka saba. Tumekwenda mashindano makubwa mara mbili, tumebeba kombe la bara mara moja, na kwenye mkutano wa waandishi wa habari siku hizi wanasimama akiingia. Hayo mnayajua, mmeyaona kwenye televisheni. Msiyoyajua ni ya asubuhi iliyofuata.

Nilikuwa uani kwangu, mabeseni manne mbele yangu, jezi zimelowekwa. Akaja amevaa gauni la nyumbani, barua imo kwenye bahasha kwapani, akaiweka dirishani, akavuta kigoda akaanza kunisaidia kukamua.  Kaka, aliyekuja naye, alikuwa anapita kila dakika anaichungulia ile barua na kutabasamu peke yake.

Mimi kuna jambo lilikuwa linanikereketa, nikauliza. "Wifi, jana nilipokushika koti, ulikuwa unatetemeka mwili mzima. Kumbe na wewe hukuwa na uhakika?"

"Hesabu niliipiga mara nne," akasema. "Uhakika nilikuwa nao."

"Sasa ulitetemeka nini?"

Alishika ile jezi hakuikamua. "Nilikuwa naona tunatolewa huku niko sahihi. Nilijisemea, ndivyo itakavyokuwa. Nitarudi nyumbani niko sahihi, na hakuna aliyenisikia. Halafu nikahisi mtu ananivuta koti, nikageuka, nikakuta ni wewe."

Jamani. Nilikuwa na povu hadi viwikoni, na machozi yakanitoka, sina hata mkono mkavu wa kujifuta. Nikamwambia nisamehe, wifi. Nikasema nisamehe mara tatu nne, sikuwa na lingine.

"Karatasi si uliipeleka?" akauliza.

"Niliipeleka."

"Basi kamua hiyo vizuri," akasema, na yeye pia alikuwa analia. "Bado inachuruzika."